Mguu Usiouma

Mtu akikatwa mguu kwa sababu ya kisukari, jamaa huanza kuhesabu msiba siku ya upasuaji. Mimi naamini msiba huanza zamani, siku maumivu yanapoondoka, na hakuna anayeyalilia. Nani alie kwa kuwa haumwi?

Nyayo za marehemu shangazi yangu zilikuwa zikiwaka moto usiku, akawa analala miguu nje ya shuka. Kisha moto ukazimika, akamshukuru Mungu. Jioni moja alipovua kandambili tuliona msumari umepenya soli hadi kwenye nyama. Alikuwa ameenda nao sokoni na kurudi, wala hachechemei.

Kumbe kuchechemea ni tiba. Ndiko kunakoondoa uzito pale palipoumia. Sukari ikikaa juu miaka mingi huua mishipa ya fahamu, na mguu uliokufa ganzi huendelea kukanyagia kidonda chake. Daktari Paul Brand alilijua hilo kwa wagonjwa wa ukoma kule Vellore, India: viungo vyao viliharibika kwa sababu vilijeruhiwa tena na tena, mwenyewe asihisi. Alipohamia Carville, Marekani, mwaka 1966, plasta ngumu iliyotumika kwa vidonda vya ukoma ikawafaa na wenye kisukari. Hufungwa hadi chini ya goti, uzito ukagawanyika unyayo mzima. Aina inayopendekezwa zaidi haivuliki nyumbani, maana mguu usiouma haumkumbushi mtu kuivaa.

Mjini Moshi, pale hospitali ya KCMC, kipo chuo cha TATCOT kinachofundisha mafundi wa viungo bandia na viatu tiba tangu 1981. Fundi huchukua umbo la unyayo, akatengeneza soli laini, akapunguza pale penye sugu pasibanwe. Hurudisha kwa sponji na ngozi kazi ambayo maumivu yalikuwa yakiifanya bure.

Shangazi hakuwahi kuvaa kiatu hicho. Kidonda kilishafika mfupani, akakatwa chini ya goti. Alipozinduka hakuuliza habari ya kutembea. Aliuliza, "Mguu wangu mmeuzika wapi?"

Ndugu msomaji, kama nyumbani kwenu yupo mwenye sukari, leo jioni mwombe akuoneshe nyayo zake. Tazama hadi katikati ya vidole. Ukung'ute viatu vyake kabla hajavivaa, na ukiona kidonda, hata kidogo, hata kisichouma, mpeleke hospitali kesho asubuhi.