Usingoje Hamu, Amka Utembee



Daktari alinipima presha akaniambia, "Mchungaji, anza kutembea." Nilianza na moto: saa kumi na moja alfajiri niko barabarani. Wiki ya tatu moto ukazima. "Jana nilikuwa kesha." "Leo kuna mvua." Ukweli ni kwamba uvivu wangu nilikuwa nimeuvalisha suti ya Jumapili.

Kilichoniokoa ni mzee mmoja wa kanisa. Aliniambia, "Pastor, kesho nitakungoja getini." Ningemwachaje mzee wa miaka 72 amesimama kwa baridi? Niliamka bila hamu. Hamu ilinikuta njiani, tukishapita steji ya pili.

Huenda wewe pia ulianza ukaacha. Usijihukumu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Hiyo ni nusu saa tu, siku tano. Ikikushinda, anza na dakika kumi. Weka viatu mlangoni usiku. Tafuta mtu wa kukungoja. Ukikosa siku moja, usikubali ziwe mbili.

Eliya alipochoka akalala chini ya mti, Mungu hakumgombeza. Alimlisha mara mbili, ndipo akatembea siku 40. Anayekuita uendelee anajua pia kwamba unachoka.

Kesho utaamka saa ngapi? Andika hapa chini, umtaje na atakayekungoja getini.

Ubarikiwe.