Ukungu wa Nje na Ukungu wa Ndani

Katika lugha yetu neno ukungu lina maana mbili: ule mweupe utandao asubuhi juu ya mashamba, na ule wa kijani au mweusi uotao katika vitu vilivyolala na maji. Watu wa Langas, kusini mwa mji wa Eldoret, wanazijua vema maana zote mbili. Mji huo uko zaidi ya meta 2,000 juu ya usawa wa bahari, na tangu Aprili hata Agosti mvua ni nyingi na baridi ni kali.

Mama mmoja wa huko alikuwa na chumba kidogo cha kupikia, chenye kuta za udongo zilizopakwa saruji na paa la mabati. Mwezi wa Julai ukuta wa nyuma ulifanya madoa meusi. Akausugua kwa sabuni. Baada ya juma moja madoa yakarudi. Akamkemea binti yake ya kuwa ni mvivu. Kwa kuwaonea haya majirani, akatundika kanga mbele ya ukuta, na kanga nayo ikaota ukungu.

Siku moja mama mkwe wake alifika kumzuru. Wakafungua gunia la mahindi lililoegemea ukuta ule, wakakuta punje zimeshikamana, zina rangi ya kijani na kunuka uvundo.

"Yaoshe, mwanangu, uyaanike, kisha uyapeleke mashineni. Chakula hakitupwi," akasema mama mkwe.

Neno hilo lilikuwa zito, kwa kuwa gunia lile lilikuwa ndicho chakula cha nyumba hata mavuno, wala fedha za kununua jingine hazikuwapo. Lakini yule mama alikumbuka habari za mwaka 2004, ambapo huko Makueni, Kitui na sehemu za jirani watu zaidi ya 300 waliugua kwa kula mahindi yenye ukungu, na 125 kati yao wakafa. Sumu yake, iitwayo aflatoksini, haionekani kwa macho, wala kuosha na kupika hakuiondoi.

"Basi tumpe ng'ombe," akasema mama mkwe.

"Mama, sumu hii hupita katika maziwa, na maziwa ni ya watoto."

Wote wawili wakanyamaza. Jioni mahindi yakafukiwa shimoni.

Ndipo mama mkwe alipotazama juu, akasema, "Nyumba hii haipumui." Na kweli, dirisha lilikuwa limezibwa kwa magunia ili kuzuia baridi. Maharagwe yalichemka mchana kutwa bila kifuniko. Mvuke ukapanda, ukakutana na mabati baridi, ukageuka matone na kutiririka ukutani. Nguo mbichi nazo zilianikwa humo humo. Huko nje udongo ulikuwa umerundikana juu kuliko sakafu, hata maji ya paa yakanywewa na ukuta. Sabuni iliondoa rangi tu, na maji yaliulisha ukungu kila siku.

Wakauondoa udongo ule, wakachimba mfereji. Magunia ya dirishani yakatolewa, na tangu siku ile dirisha likafunguliwa kila wakati wa kupika, jambo ambalo pia hutoa hewa mbaya ya makaa iwezayo kumwua mtu kimyakimya. Sufuria zikafunikwa. Ukuta ulipokauka ukapakwa chokaa. Mahindi machache ya kukopa yakaanikwa vizuri, yakawekwa juu ya vibao, mbali na ukuta.

Mwezi wa Agosti baridi ilikuwa ile ile, bali madoa hayakurudi. Mama akamwomba binti yake radhi. Basi mwenye nyumba yenye ukungu asianze kwa kumtafuta mvivu. Na atafute kwanza maji yanakotoka.