Mifugo Waliolelewa na Watoto Embu na Meru

Katika vijiji vya Embu na Meru, kwenye miteremko ya Mlima Kenya upande wa mashariki, mtoto hukabidhiwa mnyama wa kutunza mapema. Aina ya mnyama hutegemea mahali. Sehemu za juu zenye chai na kahawa, kama Manyatta, Runyenjes na Imenti, mashamba ni madogo, hivyo ng'ombe wa gredi hufungiwa zizini na kuletewa majani. Sehemu kavu za Mbeere na Tharaka, mbuzi huchungwa vichakani. Sungura na kuku wa kienyeji wako pande zote, nao ndio wa kuanzia, kwa kuwa hawawezi kumwangusha mtoto.

Ng'ombe wa gredi hawakuwa wa kila mtu tangu zamani. Mpango wa Swynnerton wa 1954 ulisukuma mbele utoaji wa hati za mashamba na kuwafungulia wakulima Waafrika njia ya kufuga ng'ombe hao. Mwandishi wa kumbukumbu hizi, ambaye baadaye alikuwa afisa wa mifugo, alikulia katika shamba la kahawa huko Embu, ambako kila ng'ombe alikuwa na jina na alitoka zizini siku ya josho tu.

Kwa upande wa ng'ombe, kazi ya kwanza ya mtoto ilikuwa ndama. Ndama wa ng'ombe wa maziwa hutenganishwa na mamake mapema, na sharti anywe dang'a katika saa chache za mwanzo. Kisha hufundishwa kunywa kwenye ndoo. Mtoto huchovya vidole viwili katika maziwa ya uvuguvugu, humtia ndama kinywani, na akishaanza kunyonya, mkono hushushwa polepole hadi mdomo uguse maziwa. Ndama hupiga chafya, humwaga, huanza tena. Ulimi wake hukwaruza kama msasa. Vidole huja kuondolewa, lakini ndama huendelea kumfuata mwenye vidole.

Jioni zilikuwa za kukata nyasi za napier na kuwatafutia sungura majani. Majani mabichi hunyaushwa kwanza, kwani yenye maji mengi huweza kumvimbisha sungura tumbo. Shuleni, elimu hiyo ilikuzwa na vilabu vya 4K (Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya), vilivyoanzishwa 1962 na kufufuliwa 2021.

Umiliki ulikuwa na mipaka. Kuku akiitwa wa mtoto, vifaranga pia walikuwa wake, ila uamuzi wa kuuza ulibaki kwa wazazi. Shule zilipofunguliwa Januari, mbuzi waligeuka karo. Ndama dume hakukaa sana, maana alikunywa maziwa ya kuuzwa. Nyumbani kwa mwandishi, ndama mmoja wa namna hiyo aliuzwa watoto wakiwa shuleni. Waliporudi, ndoo yake ilikuwa imeoshwa na kuanikwa juu ya ua. Hakuna aliyeulizwa, na hakuna mtu mzima aliyeona ajabu.

Faida ya malezi hayo ilionekana baadaye katika kazi ya mwandishi. Ndigana kali, inayoenezwa na kupe wa kahawia wa masikioni, huanza na homa na kuvimba kwa tezi, hasa iliyo chini ya sikio. Dawa hufaa zaidi ikitolewa mapema. Mapafu yakishajaa maji, mara nyingi ndama hufa. Mtoto anayempapasa ndama kila siku huhisi tezi hiyo kabla ya wengine. Mara nyingi baba wa nyumba alimwambia afisa kwamba ndama alikula vizuri jana, huku mtoto akinong'ona pembeni, "Tangu juzi hamalizi ndoo." Wa kuaminiwa alikuwa wa pili.

Ndivyo ilivyokuwa kwa mbuzi pia. Kuanzia 1996, mradi wa shirika la FARM-Africa ulieneza Meru mbuzi wa maziwa aina ya Toggenburg, waliopandishwa na wa kienyeji, na wafugaji wakaunda chama chao. Mbuzi aliyezoea mikono ya watoto tangu utotoni hukamuliwa akiwa ametulia. Asiyezoea hupiga sufuria teke.

Kwa hiyo, afisa wa mifugo anayeitwa kumtibu mnyama na asalimie wenyeji, kisha aulize ni mtoto gani anayemlisha. Maelezo ya mtoto huyo yaandikwe kwanza.