Mto Tana: Kivukoni, Kati ya Maji Matamu na Chumvi

Wazee wetu waliokuwa wakisafiri kwa basi kutoka Mombasa kwenda Lamu waliihesabu njia kwa vivuko vyake. Palikuwa na feri ya Kilifi, na mbele sana palikuwa na feri ya Garsen, iliyovutwa kwa kamba kuukata Mto Tana. Abiria walishuka, basi likapandishwa polepole, na mwenye haraka akafunzwa subira. Daraja la Kilifi lilifunguliwa mwaka 1991, na Garsen nako kukajengwa daraja. Msafiri wa leo huuvuka mto mrefu kuliko yote ya Kenya kwa muda usiotosha kumaliza andazi moja, na pengine hupita amelala.

Lakini vivuko havikwisha. Vimebaki chini ya daraja, huko mto unakopinda na kugawanyika kabla ya kuingia baharini, kwa watu ambao lami haikuwafikia. Tulikuwa tumesikia kwa jamaa zetu wa Kipini kwamba maji ya mto siku hizi huingia chumvi. Tukanuia kwenda kuona wenyewe. Tulitoka Mombasa baada ya swala ya alfajiri, peke yetu juu ya pikipiki, tukiwa na dumu la maji, kamba, na vifaa vya kuziba tairi.

Baada ya Malindi njia hulivuka daraja la Sabaki, kisha hupita kando ya mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni. Maji ya bahari hufungiwa humo katika madimbwi mapana, jua likayakausha, na chumvi ikabaki imelundikwa kama vichuguu vyeupe. Huko chumvi ni riziki ya watu. Hatukujua bado kwamba siku ya pili tungeiona ikila riziki ya wengine.

Mto Tana huanza katika milima ya Aberdare na Mlima Kenya, ukasafiri kiasi cha kilomita 1,000, sehemu kubwa katika nchi kavu, hata ufike pwani. Unapokaribia bahari hutandaza maji na tope katika bonde pana la nyasi, vidimbwi, mikoche, miembe na mikoko. Wapokomo hulima kingo zake. Waorma na Wawardei huleta ng'ombe wao wakati wa kiangazi, malisho ya kwingineko yanapokauka. Mwaka 2012 bonde hili liliingizwa katika orodha ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar. Mwaka huohuo, Agosti na Septemba, wakulima na wafugaji walipigana humo, na zaidi ya watu 100 wakafa.

Tuliiacha lami chini ya Garsen tukafuata njia ya udongo mweusi, ule unaokuwa vumbi wakati wa jua na gundi baada ya mvua. Kivuko kilikuwa mteremko tu ukingoni, umelainishwa na nyayo, na mtumbwi wa gogo moja umefungwa kwenye mzizi. Mvushaji alikuwa kijana wa miaka ishirini hivi. Aliitazama pikipiki, kisha akatutazama sisi.

"Ami, funga mafuta kwanza," akasema. "Ikilala itamwaga."

Tukafunga. Ukawekwa ubao, gurudumu la mbele likatangulia, na watu wawili tusiowajua wakashika nyuma bila kuombwa. Tuliambiwa tuchutame kando ya pikipiki, mkono mmoja kwenye breki, na tusisimame hata tukiona nini. Mbele yetu aliketi mama wa Kiorma na madumu yake ya maziwa. Nyuma alikuwa mama wa Kipokomo na mwanawe aliyevaa sare ya shule. Mvushaji akasukuma kwa upondo, na mtoto akapewa kopo afue maji yaliyokuwa yakiingia. Wale akina mama wawili waliulizana bei ya maziwa na habari za mgonjwa fulani, wakacheka kwa jambo ambalo hatukulisikia vizuri.

Hatusemi kwamba mtumbwi mmoja umemaliza yaliyotokea mwaka 2012. Ila mle ndani hakuna awezaye kumsukuma mwenzake bila kuzama naye, na hilo kila mmoja analijua. Tulilolihuzunikia ni jingine: katika mtumbwi ule hapakuwa na jaketi la kuelea hata moja, na yule mtoto huvuka mara mbili kila siku ya shule, katika mto wenye mamba na viboko.

Tulirudi barabarani tukapita Gamba, tukafika Witu, mji uliokuwa makao ya usultani katika karne ya 19. Zama zile mto mkubwa haukuishia mahali unapoishia leo. Ulichimbwa mfereji wa Belezoni kuuunganisha na mto mdogo wa Ozi, ili vyombo vipite na mazao ya bara yafike pwani kwa wepesi. Maji yakaupenda mfereji. Yakaupanua mwaka hata mwaka, mpaka Tana yenyewe ikahamia huko, na mlango wake ukawa Kipini. Mfereji uliochimbwa kwa mikono ukageuka kuwa njia ya mto mzima, na mashamba yakafuata maji yalikokwenda.

Kutoka Witu tulishuka hadi Kipini, tukalala kwa jamaa zetu. Asubuhi tulikwenda kuchukua mashua ya mashine kupanda Ozi, pande zile ambako husimuliwa kwamba ndiko alikozikwa Fumo Liyongo. Nahodha, mzee wa makamo, hakutaka kuondoka mapema. Alikuwa akingoja maji yajae. Pikipiki ilifungwa kwa kamba mbili, nasi tukaketi juu ya magunia. Mikoko ilipita pande zote mbili, na mto ukawa mpana na wa rangi ya kahawa yenye maziwa.

Tulipokwenda kama nusu saa, mzee alipunguza mashine, akatia kiganja mtoni, akaonja, akatema.

"Bado chumvi," akasema. "Nilipokuwa kijana, hapa tulikunywa."

Tukaonja nasi. Ilikuwa chumvi isiyo na shaka.

Ili kufahamu uzito wa neno lile, inafaa kujua jinsi Ozi ilivyolima mpunga. Bahari inapojaa huyazuia maji ya mto yasitoke. Maji matamu, kwa kuwa hayana pa kwenda, hupanda na kuingia mashambani kupitia vijito na mifereji midogo. Bahari inapokupwa, nayo hushuka. Mkulima wa huku hakuhitaji pampu wala mafuta. Alihitaji kujua mwezi umefika siku ya ngapi, aufungue mfereji wake kwa wakati. Bahari, ambayo kwingine ni adui wa shamba, hapa ilikuwa mtumishi wake, kwa sharti moja tu: mto uwe na nguvu ya kuikabili.

Sharti hilo sasa limelegea. Katika Tana ya juu yamejengwa mabwawa matano ya umeme, Masinga likakamilika mwaka 1981 na Kiambere mwaka 1988. Maji ya kunywa ya Nairobi, kwa sehemu kubwa, hutoka katika vijito vinavyoulisha mto huu. Mashamba ya umwagiliaji huchota njiani, na miaka ya ukame huongeza lake. Mto ukifika hapa umedhoofu, bahari haiyazuii tena maji matamu, bali huingia yenyewe. Tulioneshwa jaruba ambalo halijapandwa kwa misimu kadhaa, udongo wake umefanya ukoko mweupe, na miembe iliyokauka ncha. Mwenye shamba alitueleza kwamba siku hizi yeye huonja mfereji kabla ya kuufungua, kama mpishi aonjavyo mchuzi, na siku nyingi huuacha umefungwa.

Pengine msomaji atauliza: je, mafuriko? Ni kweli, mwishoni mwa 2023 na tena Aprili na Mei 2024, Tana ilifurika hata ikaikata barabara ya Lamu, na abiria wakavushwa kwa mashua penye lami. Gharika vilevile husukuma chumvi nje na kuacha tope lenye rutuba. Wazee wa mtoni waliyapangia maji ya msimu kama mgeni wanayemjua. Shida ni kwamba mgeni huyu siku hizi hukosekana muda mrefu, kisha akaja ghafla akabomoa nyumba. Wenye mashamba ya Ozi wanaomba kile kilicho kati ya viwili hivyo: mto unaotiririka kiasi, mwaka mzima.

Kwa atakayependa kuifanya safari hii, tunayo machache ya kumwambia. Aende wakati wa kiangazi, kwa maana udongo mweusi haumheshimu dereva yeyote. Aulize hali ya usalama kabla ya kuondoka, na asichoke kwenye vizuizi vya polisi. Avuke mchana tu, kwani jioni viboko hutoka majini. Anunue jaketi mbili za kuelea Mombasa, moja aivae, na nyingine aiache kivukoni. Mvushaji atajua mtoto wa kumpa. Na achukue maji yake ya kunywa, maana si haki kufika kwa watu waliopungukiwa na maji ukiwa na kiu.

Tulipoagana, mwenye shamba alitutilia maembe kumi katika mfuko, ya mwembe ambao bado unazaa kwenye kiinuko nyuma ya nyumba yake. Tulikataa, akaapa. Tulimwuliza atafanya nini chumvi ikifika huko pia. Alituonesha mfereji mpya aliokuwa akiuchimba na wanawe, unaoelekea juu mtoni, mbali zaidi na bahari. Walikuwa wamefika nusu.