MKONGO: Pikipiki ikizimika porini, kamata swichi kwanza!

KAMA wikiendi zako zinaanzia Coco Beach kwenye mihogo na kuishia hapo hapo, basi bado hujatembea. Safari hii mzee mzima nilidandia basi pale Mbagala Rangi Tatu, nikashika barabara ya Kilwa kuelekea kusini. Nilikuwa naitafuta Mkongo, wilayani Rufiji, Mkoa wa Pwani.

Mpaka Kibiti ni mteremko tu, lami kama kilomita 140 hivi kutoka Dar, na korosho unaletewa dirishani. Kibiti zamani ilikuwa ndani ya Rufiji, ikawa wilaya yake yenyewe mwaka 2016. Hapo ndipo unapoiacha barabara kuu na kukata kuelekea Mloka, njia inayokwenda mpaka lango la Mtemere la Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Mkongo iko njiani. Watalii wanapita na magari yao makubwa, vioo juu. Wewe na mimi, washikaji, tunapita na bodaboda.

Na huku bodaboda si chombo cha kukwepea foleni ya Kariakoo. Ndiyo lori la kubebea ufuta na mpunga, ndiyo teksi ya bibi harusi, ndiyo gari la wagonjwa. Sehemu za juu ni mchanga, tairi linacheza rumba. Ukishuka bondeni unakutana na mfinyanzi, na mvua za masika zikishanyesha unang'ang'ania tairi kama mwenye nyumba anayedai kodi.

Tulikuwa tumevuka dimbwi moja la maji ya magotini, mie nimeinua miguu kama sista du anayeogopa kuchafua viatu. Hatukufika mbali. Pikipiki ikakohoa mara moja, kimya. Saa kumi na nusu jioni, kushoto pori, kulia pori.

Dereva wangu, kijana wa Kindengereko mwenye maneno machache, alishuka akaangalia jua. "Kaka, hapa si pa kulala," akasema.

Hakuwa anatania. Kati ya mwaka 2002 na 2004 simba waliua watu zaidi ya 30 katika vijiji vya Rufiji, na simba mmoja watu walimpa jina la Osama. Wenyeji hawajasahau. Halafu kijana akaniambia lililokuwa linamuwasha roho zaidi: dada yake alikuwa siku yoyote anajifungua, na pikipiki hii ndiyo iliyopangwa kumkimbiza mtoni, avushwe kwenda hospitali ya wilaya iliyoko Utete, ng'ambo ya Mto Rufiji. Bila pikipiki, hakuna safari.

Mie wa mjini ningeshaanza kulaani injini. Yeye wala hakuigusa. Alibonyeza honi, ikalia. Akawasha taa, zikawaka. "Betri nzima, fyuzi nzima," akasema. Kama vyote hivyo vingekuwa vimekufa, angeanza na fyuzi iliyo karibu na betri, halafu vichwa vya betri, maana mtikisiko wa njia hii hulegeza nati mpaka za moyoni.

Pili, akachomoa plagi, akairudisha kwenye kofia ya waya wake, akailaza juu ya chuma cha injini, mbali na petroli, akapiga kiki. Plagi nzima hutoa cheche ya buluu. Hii haikutoa kitu. Kwa hiyo mafuta hayana kesi, kesi ni ya umeme.

Tatu, ile swichi nyekundu ya kuzimia, upande wa kulia wa usukani. Msomaji wangu, usicheke, pikipiki nyingi zinasukumwa hadi kwa fundi kumbe abiria aliigusa tu hiyo. Aliiwasha na kuizima mara kumi hivi ili kukwangua uchafu wa ndani. Bado.

Ikabaki swichi ya ufunguo. Na hapa ndipo nilipovua kofia. Akaingiza mkono nyuma ya taa ya mbele, akaitafuta soketi ya nyaya zinazotoka kwenye ufunguo, akaichomoa. Kiki moja tu, injini ikanguruma!

Nikamwuliza, inakuwaje unaondoa swichi halafu ndiyo inawaka? Akanieleza kama mwalimu. Kwenye pikipiki nyingi ndogo za namna yake, umeme wa cheche hautoki kwenye betri, unatoka kwenye mashine iliyo ndani ya injini. Ukizima ufunguo, swichi inaunganisha waya mmoja na bodi, cheche inakufa. Sasa maji na tope vikiingia ndani ya swichi vinaunganisha waya huo wenyewe, hata ufunguo ukiwa umewasha. Pikipiki inadhani umeizima! Ukichomoa soketi, waya unakuwa huru.

Lakini kuna pikipiki nyingine ambazo cheche yake inalishwa na betri kupitia swichi. Hizo ukichomoa soketi ndiyo umeziua kabisa. Zenyewe unazipima kwa balbu ndogo yenye nyaya mbili: umeme unaingia kwenye swichi, je, unatoka? Kama unaingia na hautoki, mbaya wako umempata.

Tukaondoka, ila sasa hatuna taa wala honi, maana navyo vinapita kwenye soketi ile ile. Tulikuwa tunakimbizana na giza, bwana wee! Tukaingia Mkongo magharibi, watu wanatoka kuswali. Ili kuizima, kijana alikamata breki, akaweka gia na kuachia klachi. Dada mtu alikuwa kibarazani na tumbo lake, anacheka. Siku yake ilikuwa bado.

Asubuhi tukamwendea fundi wa hapo kijijini, mzee mwenye bisibisi mbili na kipande cha msasa laini. Aliifungua swichi, akatuonyesha shaba yake imeota kutu ya kijani. Akaipangusa, akaisugua kidogo, akaianika juani kabla ya kuifunga. Hakutia oili. "Oili inakamata vumbi," alisema.

Kijana akaomba apigiwe dairekti, nyaya ziungwe moja kwa moja, asipate tena usumbufu. Mzee akakataa katakata. "Mjukuu wangu, swichi si ya kuwashia tu, ni ya kuzimia. Mafuta yakikwama wazi na huyo mgonjwa wako yuko nyuma, utazima na nini?" Kijana hakujibu. Nami nikawakumbuka madereva kibao wa Dar wanaotembea na dairekti, kila mwizi anaweza kuondoka na chombo chao bila ufunguo.

Nilikwenda kukaa ukingoni mwa Rufiji. Juu huko, kwenye mto huu huu, ndiko liliko Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115, ambalo mtambo wake wa kwanza uliingia kwenye gridi Februari 2024. Miezi miwili baadaye mafuriko yakazikumba Rufiji na Kibiti. Mto ni ule ule, unawasha taa za Sinza na unaloanisha swichi za Mkongo.

Basi ukija huku, beba fyuzi ya akiba, bisibisi, balbu yenye nyaya mbili na kitambaa kikavu. Kabla hujapanda, muulize dereva wako kitu kimoja tu: cheche yako inatoka wapi? Akikujua jibu, panda. Akikukodolea macho, tafuta mwingine, tena mapema, jua halijaanza kushuka.