Watunzi Wasiotajwa

Sisi wakazi wa Lunyo twasikia redio za nchi mbili bila kusimamishwa na askari wa forodha. Kwa miaka mingi tulisikiliza kila jioni kipindi cha muziki wa kale wa Ulaya. Mtangazaji hakupiga santuri kabla ya kumtaja mtunzi: huyu ni Bach, mzaliwa wa Eisenach, mwaka 1685. Adabu hiyo twaisifu bila kinyongo.

Lakini nyimbo za taifa zilipigwa kila siku, na watunzi wake hatukuwasikia wakitajwa. Wa Uganda aliutunga George Wilberforce Kakoma kwa ajili ya uhuru wa mwaka 1962. Uzeeni aliidai serikali haki ya utunzi wake mahakamani, akafariki mwaka 2012. Wa Kenya uliandaliwa mwaka 1963 na jopo la wanamuziki watano, kutokana na wimbo wa Wapokomo wa kubembelezea mtoto. Mmoja wa watano hao, George Senoga-Zake, alikuwa mzaliwa wa Uganda! Yaani mpaka tuuvukao kwenda sokoni yeye aliuvuka kwa sauti. Naye Joseph Kyagambiddwa, Mganda, utungo wake mkubwa wa kwaya juu ya Mashahidi wa Uganda uliimbwa Roma mwaka 1964.

Tufundishapo neno “mtunzi”, hayo ndiyo majina tuyaandikayo ubaoni sasa. Bach twamwandika chini yao. Mwanafunzi mmoja aliuliza: Senoga-Zake alisimama wima kwa wimbo upi?