Alama ya kidole cha kaka yangu

Juma lililopita mama mmoja wa kikundi chetu aliniuliza kwa nini juu ya kabati la salo yangu kuna kitu cha plastiki kama sahani yenye mkia. Nilimwahidi kumjibu hapa, maana ndani ya jibu kuna kosa langu mwenyewe, na pengine litamsaidia mwingine.

Kitu hicho ni mfano wa Enterprise, merikebu ya anga katika filamu za Star Trek za Marekani, zilizoanza kuonyeshwa kwenye televisheni mwaka 1966. Ni hadithi tu ya watu wanaosafiri kati ya nyota. Kaka yangu mkubwa alitumiwa sanduku la vipande vyake na rafiki aliye Ubelgiji. Kila usiku alibandika vipande kwa kole na kuvipaka rangi kwa pinso ndogo, mwanawe akimshikia taa. Aliipenda merikebu hiyo kwa sababu kati ya maofisa wake kuna mwanamke mweusi anayeitwa Uhura, jina lililotokana na neno letu uhuru. Aliyemwigiza ni Nichelle Nichols. Kaka alizoea kutuambia, "Mnaona? Hata kwenye nyota Kiswahili kimefika."

Kaka alifariki miaka mitatu iliyopita. Mtoto wake, ambaye sasa ana miaka 11, anaishi kwangu. Alikuja na mfuko wa nguo na merikebu ile mikononi.

Hapa Bukavu tunapika kwa makala, na wakati wa kiangazi vumbi linaingia kila mahali. Polepole merikebu ikawa ya kahawia, na bomba lake moja la nyuma likavunjika. Siku ya kumkumbuka kaka ilipokaribia, nilitaka kumfurahisha mtoto. Nilinunua rangi nyeupe ili niifanye yote mpya. Yeye anasoma mchana na mimi nafundisha asubuhi. Basi alipokuwa shuleni nilichukua dawa ya kuondoa rangi ya kucha nikaanza kuisafisha. Uchafu ulitoka, lakini rangi nayo ilitoka, na plastiki ikaanza kulainika na kunata. Mistari myekundu ambayo kaka aliichora upande mmoja ilifutika yote.

Mtoto aliporudi hakulia. Aliigeuza merikebu, akanionyesha chini ya sahani alama ya kidole gumba ndani ya rangi. "Shangazi, hapa baba aliishika kabla haijakauka. Hapa tafadhali usipake." Kisha kwa siku mbili alinijibu ndiyo na hapana tu.

Wamama, mimi nimesoma ISP. Kila siku kabla ya kufuta ubao nauliza darasa, "Mmemaliza kuandika?" Nyumbani kwangu sikuuliza.

Usiku mmoja nilitafuta kwenye simu namna ya kutengeneza nilichoharibu. Nikasoma habari za merikebu kubwa iliyotumiwa kupiga zile filamu. Ni ya mbao, plastiki na bati, ina urefu wa zaidi ya meta 3, na tangu mwaka 1974 iko katika makumbusho ya Smithsonian kule Marekani. Ilikwisha tengenezwa mara kadhaa. Mwaka 1991 ilipakwa rangi mpya karibu yote, na wengi walioipenda walilalamika kwamba si ile waliyoijua. Ila juu ya sahani yake rangi ya miaka ya 1960 iliachwa. Mafundi walipoitengeneza tena, wakaimaliza mwaka 2016, rangi ile ya zamani ndiyo iliyowaongoza. Hawakuanza na pinso. Kwanza waliipiga picha za eksirei waone ndani yake, na wakawaomba watu picha za zamani walizopiga wenyewe. Ndipo wakapaka.

Nilimsomea mtoto habari hiyo. Akaenda kwenye mfuko wake, akatoa picha moja: baba yake ameketi mezani, merikebu mbele yake, mistari myekundu inaonekana vizuri. Nilikuwa sijui kwamba ana picha ile.

Tukaanza upya, yeye fundi, mimi msaidizi. Tuliiosha kwa maji ya vuguvugu, sabuni kidogo na burashi laini ya meno, tukaikausha kivulini, kwa kuwa jua linaifanya plastiki kuwa ya manjano. Mahali palipolainika tuliacha pakauke siku kadhaa, kisha tukapasugua polepole kwa msasa laini. Bomba tulilibandika kwa kole kidogo. Tulitumia rangi inayochanganywa na maji, tukaijaribu kwanza mahali pasipoonekana, tukapaka nyepesi mara tatu, kila mara tukingoja ikauke. Mistari aliichora mtoto mwenyewe, picha ikiwa mbele yake. Mmoja umepinda kidogo. Sehemu nyingine zote hatukuzigusa, na rangi nyeupe niliyoinunua ilikwenda kwenye mlango wa jikoni.

Siku ya kumkumbuka kaka tuliiweka mezani. Mtoto aliwaeleza wajomba na bibi ipi ni kazi ya baba na ipi ni yake, kisha akaigeuza wote waone alama ya kidole. Bibi yake aliweka kidole chake juu ya alama ile, akakaa hivyo muda mrefu bila kusema.

Wengi wetu tunalea watoto wa ndugu zetu. Wanakuja na vitu vidogo: koti, kofia, redio isiyosema. Kabla ya kufua, kushona au kutupa, tumuulize mtoto kwanza ni nini kiko pale. Mimi niliuliza nikiwa nimechelewa, na upande mmoja wa merikebu ile hautarudi.